Kilicholiwa kwa Kusimama

Chumba cha mizani, langoni
6 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto. Huku wote tunapumua. Mke wangu anakusalimu, na anasema ule mtandio uliomwachia umemkaa vizuri kuliko mimi ninavyomkaa. Binamu yako mkubwa amepata kazi ya kupaka rangi milango ya ghorofa mpya, milango mia tatu, wenzake wanapaka mitano kwa siku, yeye ishirini, damu yangu hiyo. Paa limeacha kuvuja. Nilipanda mwenyewe mvua ikinyesha, nikalisema maneno mawili matatu, likatulia.

Sasa tuje kwenye hilo daftari lako.

Mwezi uliopita ulinivuta mkono hadi kwa daktari wa macho, nikakufuata kwa heshima ya marehemu mama yako tu, si kwamba sioni. Daktari akasema mtoto wa jicho yuko kwenye macho yote mawili na wa kulia amekomaa, ila hampasui mtu mwenye sukari ya kumi na nne. Ishuke kwanza chini ya kumi, ikae hukohuko. Dada wa zahanati akanikabidhi daftari niandike kila kinachopita mdomoni. Na wewe ukaongeza amri juu ya amri, kwamba nikutumie nakala kwa barua, eti kwenye simu nakuzungusha. Mimi namzungusha nani? Ni simu inayokatika.

Unajua mwenyewe kwamba Agosti kampuni inapima macho ya wapimaji wa malori. Asiyesoma namba anaondolewa kwenye mizani anapelekwa stoo kupanga sepetu. Mimi, miaka ishirini na sita langoni. Mimi niliyekamata lori lenye lori jingine ndani. Lori likiingia machimboni naweza kukwambia uzito wake kwa mlio wa tairi, mizani inakuja baadaye kuthibitisha. Kwa hiyo usihofu, daftari nimeliandika. Darasa la tano nililisoma mara mbili, na mwalimu alisema hajawahi kuona mtu anayelipenda vile.

Jumatatu. Asubuhi chai kavu na kipande cha mkate. Mchana maharage na mboga. Jioni uji mwepesi.
Jumanne. Kama Jumatatu.
Jumatano. Kama Jumanne.
Alhamisi. Angalia Jumatano.
Ijumaa. Sikuwa na njaa.

Barua anakuletea dereva mmoja anayeitwa Taratibu, anapeleka kokoto upande wenu kila baada ya wiki mbili. Mwaminifu, ila usimpe nafasi ya kuzungumza.

Mjomba wako,
Mwenye Mizani


Karakana ya sare
20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mkazamjomba pia. Mimi mzima. Tumepewa oda ya sare za shule nne kwa mpigo, nakata suruali tangu asubuhi mpaka mkasi unaacha alama kwenye kidole gumba. Bosi amenipa meza ya dirishani, kwa hiyo mwanga ninao. Hongera kwa binamu na milango yake.

Daftari nimelisoma mara tatu, halikuchukua muda. Mjomba, anayekula hivyo hana sukari ya kumi na nne. Anayekula hivyo yuko gerezani. Ijumaa nzima hukuwa na njaa? Wewe? Nakumbuka kwenye msiba wa babu ulikuwa unalia huku umeshika paja la kuku, na hakuna kilichokatizwa na kingine.

Sikugombezi. Nataka tu kujua zahanati walipima ngapi mwezi huu, na uzito wako ni kilo ngapi. Nimemkabidhi Taratibu futi yangu ya zamani ya kupimia nguo. Zungusha kiunoni, usivute pumzi ndani, uniandikie namba.

Jambo jingine. Mistari ya barua yako inateremka. Inaanza juu kushoto inaishia chini kulia kama watu wanaoshuka mlima. Mwandiko wako haukuwa hivyo.

Mpwa wako


Langoni
15 Machi

Mpwa wangu mkali,

Salamu zangu hazina kinyongo. Nimechelewa kwa sababu Taratibu alivunjikiwa ekseli, na mimi ndiye niliyemwambia wiki nzima kabla kwamba ekseli hiyo inalia. Mke wangu amepanda mboga nyuma ya nyumba, zimeota kwa fujo. Binamu yako mdogo ameng'oa jino, akatembea na shavu kama amehifadhi chungwa.

Mistari inateremka kwa sababu naandikia juu ya boneti, na boneti za siku hizi zimebonyea.

Umeuliza uzito. Nimekujibu kwa mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, ya kupimia tani sitini. Watu wengine wanapanda kisahani cha plastiki bafuni. Mimi kila Jumatatu, kabla gari la kwanza halijaingia, nasimama katikati ya daraja la mizani, peke yangu, kofia mkononi. Wiki ya kwanza, kilo mia moja. Ya pili, mia moja. Ya tatu, ya nne, ya tano, mia moja. Hata nusu kilo haikupanda wala kushuka. Onyesha mtu mwingine mwenye msimamo huo. Nikimwambia dada wa zahanati anakunja uso, anasema kipimo chao kinasoma vingine. Nimemshauri wakifanyie ukarabati.

Sukari wanasema kumi na tatu na nukta saba. Nao ni maabara hiyohiyo, kwa hiyo jumlisha mwenyewe.

Futi yako nimeipokea. Imekunjamana njiani. Nitaitumia ikinyooka.

Daftari: kama lile la kwanza.

Mjomba wako,
Kilo Mia Kamili


Karakana
2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini shavu la binamu limerudi mahali pake. Huku kwetu sare za shule mbili zimetoka, na kuna msichana mpya meza ya jirani anaimba tangu asubuhi, sauti mbaya, roho nzuri.

Nilimuuliza Taratibu mizani yenu inahesabuje. Alicheka hadi akashika mlango. Mjomba, mizani ya malori inaruka ishirini ishirini. Uwe na kilo tisini na mbili au mia na nane, itakuandikia mia. Unaweza kujifungua mapacha juu yake isijue. Miaka ishirini na sita unaiendesha, hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Ulijisahaulisha.

Nikamkaribisha chai, akakaa, akanena. Hakujua anachosema. "Mjomba wako mtu wa watu," akaniambia. "Hakuna gari linaloingia pale bila kumpitishia kitu dirishani. Mimi nina keki yangu na soda. Wa lori jekundu ana karanga za sukari. Wa trela, muhindi wa kuchoma, siku nyingine miwili. Asiposhika kitu tunajua anaumwa." Nikamuuliza magari mangapi kwa siku. Akasema wastani kumi na nane.

Sitaki kukuandikia hesabu, unaiweza mwenyewe.

Mjomba, nilishawahi kuishi na mtu aliyekuwa ananiambia yuko sawa. Kila siku yuko sawa. Siwezi tena. Ukitaka kunidanganya, usiniandikie.

Mpwa wako


Karakana
11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua. Taratibu amepita mara mbili mikono mitupu, ameacha hata kukaa. Kama nilikuudhi, niambie nilikuudhi wapi. Nilisema usiandike uongo. Sikusema usiandike.

Mpwa wako


Nyumbani
30 Mei

Mpwa wangu,

Nakusalimu nikiwa nimekaa. Sijaandika kwenye boneti, nipo mezani, mke wangu amenichorea mistari minene kwa kalamu ya mkaa ili nisiteremke. Binamu zako wazima. Mboga tumekula mpaka majirani wamekula.

Tangu mwanzo barua zako ananisomea mke wangu. Namba za mizani nazisoma kwa kuinamia kioo hadi pua inaacha alama, ninafuta kwa mkono wa shati kabla mtu hajaingia. Mwezi wa nne nilimwandikia dereva tani kumi na tatu kumbe ni kumi na nane. Alirudi mwenyewe kunirekebisha. Dereva, mpwa wangu. Kukurekebisha uzito. Kwa faida ya upande wetu. Nilitamani daraja lifunguke linimeze.

Kuhusu daftari. Sikukudanganya kama unavyofikiri, na hapa nakuomba unisikilize kabla hujaguna. Sisi tulilelewa kwamba kula ni kunawa mikono na kukaa. Sahani iwepo, mtu akukaribishe au umkaribishe. Kile cha kushika ukiwa umesimama langoni, mkono mmoja una karatasi ya gari, hicho si chakula, ni salamu. Utamkatalia mtu salamu? Kwa hiyo jioni nilipofungua daftari nilijiuliza kwa moyo safi: leo nilikaa mara ngapi? Mara tatu. Nikaandika tatu.

Baada ya barua yako ya Aprili nilikasirika wiki nzima. Siku moja likaingia lori tupu, nikaona limekaa chini mno nyuma. Tunapima gari likiwa tupu, kisha likiwa limejaa, tofauti ndiyo mzigo. Wajanja wanaficha mapipa ya maji chini ya turubai wakati wa kupima utupu, wakishapita wanayamwaga machimboni, wanapakia kokoto za ziada ambazo hazipo kwenye karatasi. Nikafunua turubai, mapipa manne. Nikamwambia yule dereva maneno mengi sana, unanijua. Nikamaliza na kusema, "Unadhani usipoandika, ekseli haibebi?" Akautazama mkono wangu. Nami nikautazama. Nilikuwa nimeshika muhindi.

Kesho yake nikaandika daftari jipya. Nakunukulia siku moja tu, nyingine nimempa dada wa zahanati, alizisoma akavua miwani.

Nimeketi: chai kavu, mkate. Maharage. Samaki, mboga.
Nimesimama: keki mbili. Soda moja na nusu, nusu nilimwachia Taratibu. Karanga za sukari, ngumi tatu, ngumi yangu unaijua. Muhindi. Biskuti za mlinzi. Ndizi mbivu nne. Keki ya tatu, sikumbuki ya nani.

Lipo na lingine, nalo ndilo lililonifanya ninyamaze Mei nzima.

Uliandika kwamba uliishi na mtu aliyesema yuko sawa. Miezi ile ya mwisho mama yako alipokatazwa vitu vitamu, alikuwa ananiomba soda. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni. Aliniambia, "Wewe ndiye pekee usiyenitazama kama mgonjwa." Maneno hayo yalinivimbisha kichwa. Nikawa nampelekea, nimeficha ndani ya koti, tunakunywa pamoja tunacheka, chupa anasukumia chini ya kitanda. Ulipokuwa unarudi jioni unamuuliza, "Umekula nini leo, mama?" nilikuwa nimekaa palepale, na nilikuwa ninamjibia mimi. "Uji," nasema. Mimi ndiye niliyesema uji.

Sijawahi kumwambia mtu. Mke wangu ameyajua leo, kwa sababu alisogea kuangalia kama nafuata mistari yake, macho yakatua kwenye neno "kitanda".

Sukari ni kumi na mbili. Futi imesema sentimita mia moja na kumi na nne, bila kuvuta pumzi. Kama hutaki kunijibu, nitaelewa, daftari nitaendelea kuliandika.

Mjomba wako


Karakana
9 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mezani kwangu, nikaweka mkasi chini, msichana wa jirani akaacha kuimba mwenyewe bila kuambiwa.

Chupa nilizijua. Nilikuwa nafagia chini ya kile kitanda kila Jumamosi, nani mwingine angezitoa? Siku nilipozihesabu mara ya mwisho zilikuwa saba. Nne zako.

Tatu zilikuwa zangu, Mjomba. Na mimi aliniomba. Na mimi aliniambia ni mimi peke yangu nisiyemtazama kama mgonjwa. Nilikuwa namuuliza mbele yako amekula nini ili usije ukanishuku. Wewe ukajibu uji, nikashukuru Mungu.

Alitushika wote wawili, na tulimpenda wote wawili, na daktari aliniambia wakati ule kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaenda mbali kabla ya soda yoyote. Sikumwamini. Nimeanza kumwamini kidogo tangu juzi, kwa sababu nimekuona ukijihukumu kwa kosa lilelile, na wewe nilikusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Sasa nashindwa kupata sababu ya kujinyima mimi msamaha huo.

Kumi na mbili ni chini ya kumi na nne. Endelea. Na usiwakatalie madereva salamu, mtu kama wewe akikataa salamu atakufa kwa kitu kingine. Tafuta namna.

Mpwa wako


Langoni
3 Julai

Mpwa wangu, jicho la ukoo,

Salamu kwako, kwa mkasi wako, na kwa yule mwimbaji. Binamu yako amemaliza milango mia tatu, wamegundua thelathini alipaka pande zisizofaa, anarudia. Damu ya mama yake hiyo.

Namna nimeipata, na nadhani hakuna lango lingine duniani lenye utaratibu huu. Nimelifunga daftari kwa kamba dirishani, karibu na kitabu cha magari. Dereva akinyoosha mkono na keki, nampokea, namshukuru, namwambia, "Andika. Jina la gari, aina ya mzigo, kiasi, saini." Wa kwanza alidhani natania. "Mzee, keki nayo ina karatasi?" Nikamwambia hapa langoni hakuna kinachopita bila karatasi, hata mimi ni chombo cha moto. Wengine wakavuta mkono. Wengine wakasaini, lakini mtu akishaona mwandiko wake mwenyewe, "keki, tatu," chini ya ya mwenzake, "keki, mbili," anapata aibu. Kufikia wiki ya pili wa lori jekundu alileta tango. Tango, mpwa wangu, limefungwa kwenye gazeti kama dhahabu. Taratibu ananiletea maji ya chupa na maneno, maneno hayana sukari ila yanashibisha.

Kitamu kinachopita bado nakila kwa kusaini, nusu tu, nusu nyingine ya mlinzi. Siku mbili nilianguka. Zimeandikwa zote mbili, moja ina saini za madereva wanne.

Dada wa zahanati amepima. Tisa na nukta mbili. Nikamwomba apime tena, si kwa dharau, nilitaka kusikia tena. Wiki mbili baadaye, nane na nukta tisa. Futi inasema mia moja na sita. Daktari wa macho amekubali: Julai 17, jicho la kulia. Mimi siogopi. Niliwahi kung'olewa kucha na trekta nikapiga mluzi. Lakini uniombee hata hivyo.

Mjomba wako


Nyumbani
26 Julai

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa jicho moja linaloona na jingine linalosubiri zamu yake. Barua hii naandika bila mistari ya mkaa. Pima mwenyewe kama inateremka.

Upasuaji ulikuwa mfupi, kwa kuwa daktari aliona ana kazi na mtu mwenye ushirikiano. Anasema wengine wanatetemeka. Mimi nilimsimulia habari za mapipa ya maji mpaka akaniomba kwa heshima nifunge mdomo ili kichwa kisicheze.

Bandeji waliitoa kesho yake asubuhi. Kwanza niliona ukuta, una ufa mrefu. Nikaona dirisha lina vumbi, nikamwonyesha muuguzi, hakufurahi. Nikaona mikono yangu, nikajiuliza huyu mzee ni nani. Kwenye ukuta kulikuwa na karatasi ya namba za kupimia macho, nikaisoma hadi mstari wa pili kutoka chini. Agosti na waje na karatasi yao. Waje na darubini wakitaka.

Kisha mke wangu akaingia na kikapu.

Nilimtazama. Nguo niliijua, ya kijani, ile ya harusi ya binamu yako. Lakini imemkaa kama imeanikwa. Mashavu yamepungua, shingo imeonekana, mkanda ameufunga kwa tundu ambalo halikuwepo, ni la kutobolewa na msumari. Moyo ukanishuka mpwa wangu, sikufichi. Nilijua naijua hiyo sura, niliiona kwa dada yangu. Nikafikiri, nilikuwa nimeinamia sahani yangu miezi sita, nyumbani kuna mtu anaondoka.

Nikamwambia, "Unaumwa. Tangu lini unaumwa?"

Akaweka kikapu chini. "Nani anaumwa?"

"Umekonda. Umeisha kabisa. Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kama anayechagua sufuria ya kunipigia. Akavuta kiti, akakaa.

"We bwana," akasema, "zile mboga za kuchemsha, ule wali wa kijiko kimoja, yale maharage bila mafuta tangu Februari. Ulidhani najipikia kitu kingine kitamu pembeni? Nilikuwa nakula mbele yako. Sahani hiyohiyo. Kila siku."

Nikasema sikuona.

"Najua hukuona," akasema. "Ndiyo maana tumekuja hospitali."

Akafungua kikapu. Samaki, mboga, machungwa mawili. Tulinawa. Nikaandika kwenye daftari, na safari hii nikaandika sisi: tumekula.

Mjomba wako anayekuona mpaka huko


Karakana
6 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Haiteremki.

Nakuja mwisho wa mwezi kwa lori la Taratibu, nimeshaomba ruhusa. Mwambie mkazamjomba asigawe ile nguo ya kijani, nitaipunguza mwenyewe.

Mpwa wako